MWALIMU WA MTOTO MWENYE USONJI ASIACHIWE SIMU PEKE YAKE

Kila mwaka ifikapo tarehe 2 Aprili dunia huadhimisha Siku ya Usonji. Siku hiyo iliamuliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2007, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2008, na Tanzania nayo haikubaki nyuma: hotuba husomwa, wazazi hupewa nafasi ya kusema, na ahadi hutolewa. Kisha mwalimu wa darasa la awali katika shule ya kijijini hurudi kazini kwake. Mbele yake wamekaa watoto 60, au 80, na pengine zaidi ya 100 tangu mpango wa elimumsingi bila ada ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016. Miongoni mwao yumo mmoja ambaye hageuki akiitwa jina lake, haangalii kinachoonyeshwa kwa kidole, na hupanga vizibo vya soda kwa mstari mmoja asubuhi nzima. Hotuba zile hazikumwambia mwalimu huyo afanye nini mtoto yule anapoziba masikio na kupiga mayowe kwa sababu tu kengele imelia.

Ni dhahiri kwamba swali hilo la mwalimu ndilo swali lenyewe. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana ya ukoo, wala si matunda ya malezi mabaya. Ni hali ya jinsi ubongo wa mtoto unavyokua, na dalili zake kwa kawaida huanza kuonekana kabla hajatimiza miaka 3. Daktari Leo Kanner alipoandika habari zake nchini Marekani mwaka 1943 aliwaeleza watoto 11 tu. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kadirio hilo, shule ya msingi yenye watoto 900 ingeweza kuwa na watoto saba wa namna hiyo, ikiwa wote wameandikishwa. Lakini hawaandikishwi wote. Wengine wamefungiwa ndani, wengine wanazungushwa kwa waganga, na wengine wameandikishwa Januari na kufikia Machi mzazi ameambiwa kwa upole amrudishe nyumbani mpaka “atakapokua kidogo”.

Pana tabia ya kuwacheka wanakijiji wanaodhani kwamba mtoto wa namna hii amerogwa au kwamba mama yake ana kosa. Yafaa ikumbukwe kwamba kwa miaka mingi wasomi wakubwa wa Ulaya na Marekani nao walifundisha kuwa usonji husababishwa na mama asiye na mapenzi kwa mwanawe. Walikosea, na makosa yao yaliumiza familia nyingi. Kwa hiyo kumlaumu mama hakukuanzia chini ya mbuyu; kulikuwa pia katika vyuo vikuu.

Shuleni lawama huchukua sura nyingine. Mtoto asiyeitikia huonekana ana kiburi. Mtoto anayerudia swali badala ya kulijibu huonekana anamdhihaki mwalimu. Kanuni za adhabu ya viboko humpa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viboko havitakiwi kuzidi vinne. Kila mwalimu anazijua kanuni hizo, na kila mwalimu anajua pia ni mara ngapi hazifuatwi. Mtoto mwenye usonji akichapwa kwa kutokuitikia jina lake hajifunzi kuitikia. Anachojifunza ni kwamba shule ni mahali pa maumivu yasiyo na sababu, na mwalimu aliyemchapa, ambaye mara nyingi si mkatili bali hakuelekezwa, anajifunza kwamba mtoto yule hafundishiki. Hapo pande zote mbili zimeharibikiwa.

Nchi haikukaa bure katika jambo hili. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi ulianza mwaka 2009 na umeandikwa upya zaidi ya mara moja. Chuo cha Ualimu cha Patandi, mkoani Arusha, kimekuwa kikiwaandaa walimu wa elimu maalumu, na jijini Dar es Salaam shule za msingi kama Mbuyuni na Msimbazi Mseto zimekuwa na vitengo vya watoto wenye usonji. Lakini kitengo cha Dar es Salaam hakimfikii mtoto wa Kakonko wala wa Liwale, na haitarajiwi kwamba kila mwalimu wa darasa la awali atafunga mizigo kwenda Patandi. Darasa lake angemwachia nani?

Ndiyo maana limezuka wazo la kutumia simu za mkononi. Wazo hilo ni zuri na lina msingi. Mwaka 2024 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilipita milioni 80, na vipo vijiji vilivyofikiwa na mnara wa simu kabla ya kufikiwa na barabara ya lami. Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kuweka moduli za Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, katika mfumo wake wa mtandaoni, na walimu wanatakiwa kukutana shuleni katika Jumuiya za Ujifunzaji ili kujadiliana waliyoyasoma. Kabla ya hapo, mpango wa TESSA ulioanza mwaka 2005, ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilishiriki, ulitoa vitini vya walimu kwa Kiswahili ambavyo yeyote anaweza kuvitumia bure. Njia, basi, imekwisha kulimwa. Kinachobishaniwa ni nani atakayepita juu yake. Iko hatari, na dalili zake zinaonekana, ya viongozi kudhani kwamba video zikishapandishwa mtandaoni kazi ya kumfundisha mwalimu imekamilika.

Wanaodhani hivyo wanasahau historia ya nchi yao wenyewe. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974 iliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza hata kidogo kutoa walimu waliohitajika. Taifa likaamua kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa moja kwa moja katika shule za vijiji, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu iliyobaki, kwa muda wa miaka mitatu. Walijiandikisha vijana wapatao 45,000, na zaidi ya 35,000 walihitimu. Nchi changa, yenye simu chache za waya, iliwafundisha walimu kwa maelfu bila kuwatoa vijijini.

Ilifanyaje? Wengi hujibu upesi: kwa redio na masomo kwa njia ya posta. Ni kweli kwamba vilikuwapo. Redio ilikuwa ndiyo chombo cha kisasa cha wakati ule, kama simu ilivyo leo, na sifa yake ilikuwa imepaa kwa haki baada ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza na kisha wakachimba vyoo. Lakini katika mafunzo ya walimu wa vijijini redio ilikutana na mambo madogo yenye nguvu kubwa. Shule ilikosa redio. Iliyokuwa na redio ilikosa betri. Kipindi kilirushwa saa ambayo mwalimu yumo darasani. Vitabu vya masomo navyo vilichelewa njiani, maana posta haikwenda kwa kasi ya azimio.

Kilichoushikilia mpango ule usianguke kilikuwa ni binadamu. Walikuwapo wakufunzi waliokuwa wakizunguka shule kwa shule, wakiingia darasani, wakikaa nyuma, wakimtazama kijana anavyofundisha, kisha wakamweka pembeni na kumweleza alipokosea. Walisahihisha madaftari yake. Walimkuta akiwa amekata tamaa wakamtia moyo. Na mwishoni kijana huyo alikwenda chuoni kwa majuma kadhaa kabla ya mtihani wake. Pale mkufunzi alipofika, mwalimu alipatikana. Pale asipofika, kwa kukosa gari au mafuta, ndipo wenye mzaha walipopata sababu ya kusema kwamba UPE maana yake ni “Ualimu Pasipo Elimu”. Mzaha huo uliwaonea wengi, maana wako watumishi wa umma leo waliofundishwa kusoma na vijana wale. Lakini haukutoka hewani.

Somo la pili ni la karibu zaidi. Mwaka 2007 ulianza mradi wa BridgeIT, ulioitwa kwa Kiswahili Elimu kwa Teknolojia, ambao ulizifikia shule 150. Mwalimu alipakua video fupi ya somo kwa kutumia simu ya Nokia, akaiunganisha na televisheni iliyokuwa darasani, watoto wakatazama. Lilikuwa ni jambo jema. Lakini mradi ni mradi, una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu huzeeka na televisheni huharibika. Mratibu Elimu Kata, ambaye yuko katika kila kata na mshahara wake unatoka katika bajeti ya Serikali, hazeeki kwa namna hiyo.

Katika jambo la usonji haja ya binadamu ni kubwa kuliko katika hesabu au sayansi. Mwalimu wa hesabu anaweza kusoma jinsi ya kufundisha sehemu na asali, akaelewa. Lakini watoto wawili wenye usonji hawafanani. Mmoja hasemi kabisa, mwingine anasema mfululizo juu ya mabasi na majina ya vituo vyake. Mmoja hawezi kuvumilia kelele, mwingine ndiye mwenye kelele. Wasichana wengi hawatambuliwi kabisa, kwa kuwa hukaa kimya na kuiga wenzao, na mwalimu huwasifu kwa utulivu. Video iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa mfano haiwezi kumwona mtoto huyu aliye mbele ya mwalimu huyu.

Hapa ndipo simu inapoweza kufanya kazi ambayo redio haikuiweza kamwe. Redio ilisema tu. Simu inaweza kutazama. Katika mji wa Rawalpindi nchini Pakistan na jimbo la Goa nchini India ulifanyika uchunguzi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, uliohusu watoto 65 wenye usonji wa umri wa miaka 2 hadi 9. Wahudumu ambao hawakuwa madaktari wala wataalamu wa usonji walifundishwa, wakawatembelea wazazi kwa vikao 12 katika miezi sita. Katika kila kikao mzazi na mtoto walipigwa picha ya video wakicheza. Kisha mhudumu na mzazi walikaa pamoja kuitazama: hapa mtoto alikuangalia, wewe ulikuwa unatazama pembeni, hapa ulisubiri, naye akakuletea gari. Wazazi wakaongeza kuwaitikia watoto wao, na watoto wakaongeza kuwaanza wazazi. Si kila kipimo kilichopanda, na wale walikuwa wazazi, siyo walimu wenye watoto 80. Hata hivyo jambo kubwa lilionekana. Mtu asiye mtaalamu, katika nchi isiyo tajiri, anaweza kuifanya kazi hii akiwa na mtu wa kukaa naye na kutazama pamoja naye.

Utaratibu huo hauna sababu ya kushindikana katika wilaya za Tanzania. Mwalimu wa awali arekodi dakika tatu za somo lake. Mkufunzi wa Patandi, au afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri, aitazame na kumjibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chepesi, siku hiyo au kesho yake: amri uliyotoa ilikuwa ndefu, mtoto aliishika sehemu ya kwanza tu, mwonye kabla hujapiga kengele, ile kazi igawe mara mbili. Kisha, angalau mara moja katika muhula, mtu huyo afike shuleni kwa miguu yake mwenyewe. Sauti ya mtu aliyepata kukaa darasani mwako husikilizwa tofauti na sauti ya mtu usiyemjua.

Na mafunzo yenyewe yatoke katika madarasa ya hapa. Mwalimu akionyeshwa chumba chenye zulia, watoto sita na wasaidizi watatu, atacheka na kuzima simu, naye atakuwa na haki. Aonyeshwe ratiba ya picha iliyochorwa kwa mkaa juu ya boksi la sabuni: picha ya foleni, picha ya wimbo, picha ya uji, picha ya nyumbani. Aonyeshwe jinsi ya kupata kona tulivu katika chumba chenye watoto 80, ambayo pengine ni mkeka nyuma ya meza ya mwalimu au kivuli cha mwembe nje ya mlango. Walimu wa Mbuyuni, Msimbazi Mseto na shule nyingine zenye vitengo wamekusanya maarifa hayo kwa miaka. Warekodiwe wao.

Liko suala la gharama, ambalo katika mikutano hupitiwa haraka. Walimu wengi hawana simu janja, wanatumia kitochi. Wenye simu janja hununua bando kwa fedha zao. Serikali ikimwambia mwalimu ajifunze kwa simu bila kumpa bando, inamtoza ada ya mafunzo kwa mlango wa nyuma. Shule moja ikiwa na simu moja ya shule, na video zikahifadhiwa katika memori kadi badala ya kupakuliwa kila mara, gharama hushuka sana. Kwa mwenye kitochi, ujumbe wa maandishi na simu ya kawaida kutoka kwa mkufunzi vina manufaa makubwa kuliko video asiyoweza kuifungua.

Aidha, Waratibu Elimu Kata na wakaguzi, ambao sasa huitwa wathibiti ubora wa shule, wapewe maelekezo yanayoeleweka. Mwalimu akionekana na simu mkononi darasani leo, huhesabiwa kuwa anapiga soga. Mara nyingi ni kweli. Lakini haiwezekani afisa mmoja amwagize mwalimu arekodi somo lake na afisa mwingine amwandikie barua ya onyo kwa kulirekodi.

Jambo la kuogopa zaidi, hata hivyo, ni mtoto mwenyewe kufanywa tamasha. Video ya mtoto anayegaagaa chini kwa sababu ya kelele ni chombo cha kazi mikononi mwa mkufunzi. Ikiingia katika kikundi cha WhatsApp cha walimu wa wilaya, kisha katika kikundi cha harusi, mtoto huyo ametangazwa kwa nchi nzima, na hatakuwa na uwezo wa kuifuta akiwa mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Mzazi aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa, na aambiwe wazi nani ataona. Video ipelekwe kwa mtu mmoja na ifutwe ikishatumika. Mwalimu mkuu akishindwa kulisimamia hilo, ni afadhali shule yake isirekodi kabisa.

Hali kadhalika mwalimu asigeuzwe daktari. Zimeenea programu za simu zinazouliza maswali kumi na kutoa jibu kwamba mtoto ana usonji au hana. Mtoto asiyeitikia jina anaweza kuwa kiziwi. Anaweza kuwa mgeni wa Kiswahili, aliyezungumziwa Kisukuma tu mpaka siku alipoletwa shule. Kazi ya mwalimu ni kuona, kuandika alichokiona, na kumwelekeza mzazi hospitali ya wilaya. Lakini kufundisha kusisubiri cheti cha daktari, kwa kuwa ratiba ya picha haimdhuru mtoto yeyote, na watoto wengine 79 darasani nao hufaidika nayo.

Chama nacho kina nafasi yake. Mabalozi wa mashina wanaijua kila nyumba, na wanajua nyumba ipi ina mtoto asiyetoka nje. Hakuna simu itakayomfikia mtoto huyo kabla ya balozi kubisha hodi na kuzungumza na wazazi bila kuwatisha. Akishafika shule, lazima akute mwalimu aliyeandaliwa, la sivyo mzazi atamrudisha ndani na safari ya pili hataifungua mlango.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na madarasa ya awali hupokea watoto wapya Januari. Miezi sita iliyo katikati inatosha kwa kila halmashauri kuanza na kata moja: kumtaja kwa jina mkufunzi atakayewajibika kwa walimu wa awali wa kata hiyo, kuweka katika bajeti bando lao na mafuta ya pikipiki yake, na kubandika ubaoni katika ofisi ya elimu ya wilaya tarehe atakazozitembelea shule, ili mwalimu, mzazi na diwani wajue ni siku gani wa kumuuliza asipofika.